Adolf Stolz na Elimu ya Kuvu katika Nyanda za Juu za Kusini

Mimea ina bahati kuliko kuvu. Mti husimama mahali pake mwaka hata mwaka, nao humngoja mtu aje auulize jina. Uyoga huchomoza usiku baada ya mvua, hufunua mwavuli wake asubuhi, na baada ya siku chache hauonekani tena. Elimu ya vitu hivi viwili imefuata tabia zao. Kwa habari ya mimea ya nchi iliyolala kati ya Iringa na Mbeya, tunavyo vitabu, orodha, michoro na maelfu ya vielelezo vilivyokaushwa. Kwa habari ya kuvu za nchi hiyo hiyo, maandishi ni machache, na yaliyo mengi yameandikwa katika miaka ya karibu, ilhali wenyeji wamekuwa wakizijua na kuzila tangu zamani.

Nia ya insha hii ni kutazama maisha na kazi ya mtu mmoja aliyekusanya mimea na kuvu katika pande hizo, Adolf Stolz wa Kyimbila, pamoja na waliomtangulia na waliomfuata. Lakini si nia yangu kusimulia sifa zake tu. Nataka kuuliza swali moja ambalo kazi yake yatulazimisha tuliulize: kwa nini mkusanyaji hodari namna hii, aliyeishi miaka mingi katika nchi yenye uyoga tele, ametuachia habari nyingi za kutu ya majani na habari chache za uyoga unaoliwa? Jibu la swali hili, kama nitakavyojaribu kuonyesha, halipatikani katika uvivu wala dharau ya mtu mmoja. Linapatikana katika njia yenyewe iliyotumika kukusanya elimu.

Yafaa kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Msafiri atokaye Iringa, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, hupita katika misitu ya miombo, akapanda Mufindi penye baridi na chai, akavuka nchi ya Wabena, na upande wake wa kushoto humsindikiza milima ya Ukinga na Kipengere. Hapo pana uwanda wa Kitulo, ulio juu kwa mita zipatazo 2,600, wenye majani mafupi na maua mengi hata watu wakauita Bustani ya Mungu. Mbele yake husimama mlima Rungwe, wa mita zipatazo 2,960, na chini ya mlima huo iko Tukuyu, mahali ambapo mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Nchi yenye mvua ya namna hii, na ardhi iliyotokana na majivu ya volkano, haiwezi kukosa kuvu. Kuvu zimo katika miti iliyoanguka, katika udongo, juu ya majani ya migomba, katika vichuguu, na hata ndani ya mizizi ya miti iliyo hai.

Kabla ya Stolz alipita kijana mmoja Mjerumani, Walter Goetze, aliyezaliwa mwaka 1872. Alitumwa kwa fedha za wakfu mmoja wa Berlin, naye akaanza safari yake mwaka 1898 kutoka pwani kwenda bara. Alipita Uluguru, akaingia Uhehe, akaendelea hata Ukinga na nchi zilizo karibu na ziwa Nyasa. Msomaji atakumbuka kwamba Mkwawa alikufa Julai 1898. Basi Goetze alikusanya maua katika nchi ambayo moshi wa vita ulikuwa haujatoweka. Haifai kuisahau hali hiyo: njia aliyoipita ilikuwa imefunguliwa kwa bunduki, na wapagazi waliobeba karatasi zake za kukaushia majani walikuwa watu wa nchi iliyokwisha kushindwa. Goetze alifariki huko huko Langenburg, kando ya ziwa, mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 27 hivi. Vielelezo vyake vilipelekwa Berlin, na Adolf Engler, mkuu wa bustani na makumbusho ya mimea ya mji huo, akavichapisha pamoja na wenzake. Mti mmoja wa jamii ya migunga uliitwa kwa jina lake, Acacia goetzei, ambao siku hizi wataalamu huuita Senegalia goetzei. Jina la mkusanyaji limebaki katika jina la mti, hata baada ya mti kuhamishwa ukoo.

Stolz alikuwa mtu wa namna nyingine. Goetze alipita; Stolz alikaa. Alizaliwa mwaka 1871, akaja katika kazi ya misheni ya Moravian, ambayo watu wake wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891. Kanisa hilo lina asili ya ajabu kidogo kwa msomaji wa Rungwe. Mizizi yake imo katika nchi ya Wacheki, katika majimbo ya Bohemia na Moravia, ambako wafuasi wa Jan Hus walianzisha udugu wao mwaka 1457. Baadaye waliteswa, na baadhi yao wakakimbilia Saxony, wakajenga kijiji cha Herrnhut mwaka 1722. Hivyo jina la jimbo moja la Wacheki limekuwa jina la kawaida katika vinywa vya Wanyakyusa na Wasafwa, ingawa wamisionari walioleta jina hilo walikuwa Wajerumani.

Kyimbila, kituo cha Stolz, kiko karibu na Tukuyu. Kutoka hapo alikusanya mimea kwa miaka mingi, na zaidi katika miaka ya mwisho kabla ya vita iliyoanza 1914. Nambari za vielelezo vyake zilipita 2,500. Idadi hiyo haipatikani kwa matembezi ya jioni. Kila nambari ina maana kwamba mtu alikwenda mahali, akachuma tawi lenye ua au tunda, akalitandaza katikati ya karatasi, akalibana, akabadilisha karatasi zilizolowa, akalikausha katika nchi ambayo mvua huweza kunyesha siku baada ya siku, kisha akaandika mahali, mwinuko na tarehe. Alikusanya katika majira yote, akaona mmea mmoja ukichipua, ukitoa ua na kuzaa. Faida ya kukaa ni hiyo: mpita njia huona ua lililochanua siku anayopita, na mkazi huona mwaka mzima.

Hapana shaka kwamba hakufanya kazi hii peke yake. Lebo ya kielelezo hubeba jina la mkusanyaji mmoja, lakini miguu iliyopanda milima ni mingi. Nani aliyemwonyesha njia ya kupita katika mianzi ya Rungwe? Nani aliyejua kwamba ua fulani huota kandokando ya ziwa la volkano na si penginepo? Lebo haisemi. Huu ni upungufu wa desturi nzima ya wakati ule, na tutauona ukizaa matunda yake mbele.

Kati ya wataalamu waliopokea mimea ya Kyimbila alikuwamo Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi. Mwaka 1915 alitoa jina la jenasi mpya ya okidi ndogo ndogo zinazotambaa juu ya magome ya miti na miamba yenye ukungu, akaiita Stolzia. Ni okidi zisizojionyesha. Mtu aweza kuzipita karibu asizione. Kupewa jina la jenasi nzima, na si la spishi moja, ni heshima ambayo wakusanyaji wachache huipata. Stolz hakuishi sana kuifurahia. Vita viliingia Nyanda za Juu, majeshi ya Waingereza yakaishika nchi ya Tukuyu mwaka 1916, na Stolz akafariki mwaka 1917.

Sasa tuje kwenye kuvu. Pamoja na mimea yake, Stolz alipeleka Ulaya kuvu nyingi kutoka Kyimbila. Paul na Hans Sydow wa Berlin, baba na mwana, walikuwa wakieleza kuvu kutoka pande nyingi za dunia na kugawa vielelezo vyake kwa makumbusho mbalimbali, na kuvu za Kyimbila zilikuwa miongoni mwao. Mapema zaidi, Paul Hennings wa makumbusho ya Berlin, aliyefariki mwaka 1908, alikuwa amechapisha makala kadhaa juu ya kuvu za Afrika ya Mashariki. Lakini tazama ni kuvu za namna gani zilizofika kutoka Kyimbila. Aghalabu ni zile ndogo zinazokaa juu ya majani: kutu, madoa, masizi meusi, na namna ya ubwiri. Hizi ndizo jamaa za maradhi ambayo mkulima wa Rungwe anayajua katika mibuni, maharage na mahindi yake.

Sababu yake ni nyepesi ukiifikiri. Kutu ya jani hukauka pamoja na jani. Ukilibana jani katika karatasi, kutu imebanwa nalo, na mtaalamu wa Berlin akiiweka chini ya hadubini baada ya mwaka au miaka kumi, mbegu zake zimo vilevile na maumbo yake. Kuvu ya jani ilisafiri kwa tikiti ya jani. Bali uyoga wenye nyama hauna tikiti hiyo. Ukiubana, hupondeka. Ukiukausha kwa moto, hunywea ukawa kama kipande cha ngozi kuukuu. Rangi hubadilika, harufu hupotea, utomvu unaotoka ukikatwa hukauka, na ile pete laini ya shinani yaweza kudondoka. Naam, hizo ndizo alama zinazotofautisha uyoga mmoja na mwingine. Mtu aliyeko Berlin, akiletewa kipande cheusi kikavu chenye nambari na tarehe, amepewa mwili usio na sura.

Nchi ile ile ya Wacheki, tuliyoitaja kwa habari ya kanisa, yatupa mfano mzuri wa jambo hili. August Corda, aliyezaliwa huko mwaka 1809 na kufanya kazi katika makumbusho ya taifa ya Prague, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuzitazama kuvu kwa hadubini na kuzichora kwa bidii. Kuanzia mwaka 1837 alianza kutoa mabuku makubwa yenye michoro ya kuvu zilizojulikana wakati ule. Alifahamu kwamba kielelezo kikavu hakitoshi, kwamba lazima jicho na mkono vifanye kazi penye kitu kibichi. Mwaka 1849 alikuwa akirudi kutoka Texas pamoja na alivyovikusanya, na meli yake ikapotea baharini. Michoro iliyokwisha kuchapishwa ilibaki. Mkusanyo aliokuwa nao ukaenda naye chini. Elimu iliyowekwa mahali pamoja tu, hata mahali hapo pawe melini au makumbushoni, imekaa juu ya hatari.

Berlin iliyaona hayo baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliangukia makumbusho ya mimea, na sehemu kubwa sana ya vielelezo ikateketea. Hapo ndipo tofauti kati ya Goetze na Stolz ilipoonekana kwa namna ambayo wao wenyewe hawakuitazamia. Vielelezo vingi vya Goetze vilikuwa Berlin, na nakala zilizopelekwa kwingine zilikuwa chache. Miaka michache ya uhai wake iliyotumika milimani ikawa majivu kwa sehemu kubwa. Vielelezo vya Stolz vilikuwa vimegawanywa kwa wingi. Nakala zilikuwa Kew na London, na katika makumbusho mengine ya Ulaya, kila moja na nambari yake. Moto ulipokwisha, wataalamu walizitafuta nakala hizo, wakazifanya kuwa mashahidi wa majina ambayo mashahidi wake wa kwanza walikuwa wameungua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa tuongeze kwamba hata daftari lenyewe, likiwa moja, laweza kupotea.

Katika mwaka ule ule wa 1899, Goetze alipokufa kando ya ziwa Nyasa, kijana mmoja wa Ufaransa, Noël Bernard, aligundua jambo ambalo laifunga kazi yote ya Stolz katika fungu moja. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, wala haina akiba ya chakula kama ilivyo mbegu ya harage au ya hindi. Bernard alionyesha kwamba mbegu hiyo haiwezi kuota porini mpaka kuvu iingie ndani yake na kuilisha. Okidi isiyo na kuvu haizaliwi. Basi zile Stolzia ndogo juu ya magome ya Rungwe, zilizobeba jina la mkusanyaji wetu, zilikuwa kila moja na mlezi wake asiyeonekana, na mlezi huyo hakuandikwa katika lebo. Ua lilipewa jina, aliyelilea hakutajwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kitulo na milima inayoizunguka ina okidi nyingi za ardhini, na viazi vyake huchimbwa ili kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana Zambia. Uchunguzi wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka Nyanda za Juu za Kusini. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nayo ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kulindwa zaidi kwa ajili ya maua yake. Lakini mtu akidhani kwamba ataweza kuzirudisha okidi kwa kupanda mbegu tu, amesahau fundisho la Bernard. Palipolimwa pakageuzwa udongo wake, kuvu yaweza kuwa imeondoka. Na kuvu ikiondoka, mbegu itaoza pale ilipoangukia.

Misitu ya miombo ya upande wa Iringa inalo fundisho kama hilo. Miti ya miombo huishi kwa mapatano na kuvu zilizoifunika mizizi yake: kuvu huuletea mti maji na chumvi za udongo, na mti huilipa kuvu kwa sukari ya majani yake. Uyoga mwingi unaouzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua, ule wa rangi ya manjano, wa machungwa na mwekundu, ni tunda la mapatano hayo. Hauwezi kulimwa shambani kama mchicha, wala hauoti tena mti ukikatwa kwa mkaa. Namna nyingine ya uyoga, ile mikubwa myeupe ya vichuguuni, huliwa kwa mapatano mengine: mchwa huipandia kuvu bustani chini ya ardhi kwa majani na vijiti walivyotafuna, kuvu huvimeng'enya, na mchwa hula. Mtaalamu Mfaransa Roger Heim aliipa jenasi hiyo jina la Termitomyces mwaka 1942. Mama wa Kihehe aliyejua kichuguu kipi hutoa uyoga, na baada ya mvua ya ngapi, alikuwa ameujua uhusiano wa mchwa na uyoga kabla ya jina hilo kutungwa.

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Njia ya Goetze na Stolz ilikuwa njia ya karatasi: kichume hapa, kikaushe, kipeleke, kitajwe kule. Njia hiyo ilifaa sana kwa tawi la mti, ikafaa kwa kutu ya jani, lakini kwa uyoga haikutosha. Uyoga humtaka shahidi aliyekuwapo. Hutaka mtu aliyeuona ukiwa mbichi, akaunusa, akaukata, akaujua unaota chini ya mti gani, na zaidi ya yote, akajua nani huula na nani huukataa. Mashahidi hao walikuwapo Kyimbila na Iringa siku zote, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Ila lebo haikuwa na nafasi ya kuandika ushahidi wao. Kwa hiyo sehemu ya elimu iliyowahusu watu zaidi, yaani chakula na sumu, ndiyo iliyochelewa kuandikwa kuliko zote.

Ilichelewa kiasi gani? Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika ya Mashariki ya kitropiki kilianza kutolewa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, nacho kimeeleza spishi zaidi ya 12,000. Kuvu hazimo, kwa sababu kuvu si mimea. David Pegler wa Kew alitoa mwaka 1977 kitabu chake cha uyoga wa Afrika ya Mashariki, nacho ni kazi ya msingi ambayo kila mwanafunzi wa kuvu lazima aijue. Lakini njia iliyokuwa haijapitwa, ile ya kuanza kwa mashahidi wenyewe, ilipitwa hasa katika miaka ya 1990, wakati Marja Härkönen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipofanya kazi pamoja na Leonard Mwasumbi, mtunzaji wa vielelezo vya mimea katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao wa Ufini. Hawa waliuliza vijijini na kandokando ya barabara: huu mwauitaje, mwaupikaje, na upi hamuugusi? Waliandika rangi na harufu penye uyoga mbichi, wakakausha kielelezo baada ya hapo. Mwaka 1994 Härkönen na Saarimäki walieleza uyoga mmoja unaoliwa kwa jina la Amanita tanzanica, katika makala iliyoshughulika na uyoga mwekundu unaolika na wenye sumu. Mwaka 1995 ikafuata kazi juu ya uyoga unaolika wa Tanzania, na mwaka 2003 kitabu kikubwa zaidi, pamoja na majina ya uyoga katika lugha za wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Hapa methali ilitimia pande zote mbili, maana mgeni naye asingeona kitu pasipo mwenyeji.

Nimetaja uyoga unaolika na wenye sumu pamoja, wala si kwa bahati. Ukoo wa Amanita una chakula kizuri na una vifo. Sumu ya baadhi ya jamaa zake haiondoki kwa kupikwa, na dalili zake huweza kukawia saa sita au zaidi, hata mgonjwa asikumbuke alichokula, huku ini likiharibika. Hakuna kanuni fupi ya kuutambua uyoga mbaya: si kweli kwamba ulioliwa na mdudu ni salama, wala kwamba wenye sumu hugeuza rangi ya kijiko. Salama imo katika kuujua uyoga mmoja mmoja kwa jina na sura, na elimu hiyo hurithiwa kwa kufuatana na mkubwa porini. Mtoto aliyelelewa Mbeya mjini au Makambako stendi, asiyejua jina la uyoga hata mmoja kwa Kisafwa wala Kibena, amenyimwa urithi mtamu, na tena amenyimwa kinga.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa kuvu, na kwa hiyo nataka kusema neno juu ya lugha. Kiswahili sanifu kinayo maneno mazuri ya jumla: kuvu, uyoga, ukungu, kutu, ubwiri, hamira. Lakini kwa uyoga wenyewe kina jina moja tu linalofunika aina zote, kama kwamba tungekuwa na neno ndege bila ya kuwa na kunguru, njiwa na tai. Kihehe, Kibena, Kikinga na Kinyakyusa, lugha za watu wa misitu na milima, hutenganisha pale ambapo Kiswahili huunganisha. Lugha ya taifa haipungukiwi kitu ikikopa majina hayo. Itapungukiwa ikiyaacha yafe, kisha ije kuyaomba kwa Kilatini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Donatha Tibuhwa, wameendelea na uchunguzi wa kuvu na wa majina yake katika jamii mbalimbali za nchi yetu. Hii si kazi ya wanasayansi peke yao. Kuna chuo kishiriki Mkwawa, Iringa, tangu 2005, na kuna wanafunzi wa lugha wanaorudi kwao kila likizo, wakati mwingine katika majira ya mvua. Daftari, kalamu, picha, na mzee wa kuulizwa: vyombo vya kazi hii havizidi hapo mwanzoni. Na lebo atakayoiandika mwanafunzi huyo iwe na nafasi ya jina la aliyeuonyesha uyoga, kama mwenyewe ataridhia, pamoja na jina la aliyeuchuma.

Wala asidhani mtu kwamba kazi imekaribia kwisha. Duniani kote kuvu zilizokwisha kupewa majina hazizidi sana 150,000, na wataalamu wengi hukadiria kwamba zilizopo zinafika milioni mbili au zaidi. Kwa kila kuvu iliyoandikwa, nyingi zingali zinangoja. Katika nchi yenye miombo inayochomwa mkaa na viwanda vya mbao vinavyopanda misonobari kila mwaka, si zote zitakazoweza kungoja.

Tumhukumuje Stolz basi? Alifanya kazi yake kwa uaminifu na subira, na kwa kugawa nakala alichokusanya kiliuvuka moto wa 1943. Hilo ni jambo kubwa, na wanafunzi wa Rungwe wana haki ya kulijua jina lake. Aliandika kwa njia aliyofundishwa, na njia hiyo iliweza kuona jani na isiweze kuona chungu cha uyoga kilichokuwa jikoni karibu naye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Stolz aliinama sana. Ila hakuinama mbele ya jiko. Waliomfuata wameanza kuinama hapo. Majina ya uyoga wa Iringa na Mbeya yaliyoandikwa mpaka sasa yametoka katika vinywa vya watu ambao wengi wao walikuwa wazee wakati walipoulizwa. Kila masika ipitayo bila ya mwanafunzi kuuliza hupunguza idadi ya wanaoweza kujibu.